Mama Apanda Ndege ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Shirika letu la ndege limemchagua mdogo wangu! Kitinda mimba, aliyekuwa akitapika kwenye basi — ndiye atakayerusha ndege yenye abiria akiwa chini, chumbani, mbele ya skrini, kikombe cha chai pembeni. Mimi rubani nitakuwa juu, kwenye kiti changu mwenyewe, mikono magotini. Kazi yangu ni kutazama! Mhandisi anasema nikiona hatari niseme "nachukua", mdogo wangu ajibu "chukua", ndipo nishike usukani.

Nina kijicho? Ninacho. Nakiri hapa tu.

Alhamisi, 6 Machi

Tumejaribu bila abiria. Amri zake zinachelewa kunifikia huku juu. Kidogo tu, ila upepo haumngoji mtu. Nikamwambia redioni. Eti, Dada, mbona hata wewe huchelewa kuamka? Chumba kizima kikacheka naye. Wanampenda, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama atapanda! Mama huyuhuyu niliyembembeleza miaka yote apande ndege yangu, akagoma, eti hawezi kuning'inia hewani. Sasa anasema mwendeshaji akiwa ardhini, hata yeye moyo unatulia. Gauni tayari limeshonwa. Nikamuuliza, na mimi je? Wewe si utakuwepo tu, mwanangu.

Nitakuwepo tu! Nikaenda kulia chooni. Mtu mzima, na mistari yangu minne ya rubani mkuu begani.

Jumapili, 9 Machi

Bado niko kitini. Abiria wanashuka.

Kupaa, safi. Angani, safi — sikupata hata la kulalamikia. Tunakaribia kutua, upepo ukatupiga ubavuni, bawa la kushoto likalala. Nikangoja amri yake. Kimya. Nikangoja tena kidogo. Mungu anisamehe, nilitaka achelewe. Halafu nikakumbuka nani amekaa safu ya tatu.

"Nachukua!"

"Chukua, Dada."

Nikatua, taratibu kabisa. Makofi nyuma! Hawajui lolote.

Nimefungua kidirisha cha pembeni. Mdogo wangu amekuja mbio mpaka kwenye ngazi, Mama amemkumbatia, anapaza sauti watu wote wasikie: umetubeba kama mayai, mwanangu!

Mdogo wangu ameinua macho kwangu, mdomo wazi. Anangoja mimi niseme.

Mama naye ananipungia simu yake. Shuka basi, uje utupige picha —