Babu wa Wodi ya Watoto

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu atakatwa mafindofindo Alhamisi asubuhi, kasema daktari wa watoto. Alimmulika kooni kwa tochi, akaguna. Akilala, pumzi inamkwama. Mama yake yuko safari ya kikazi, kwa hiyo zamu ni yangu.

Nesi wa wodi: "Shikamoo, babu." Nikaitika marahaba. Mtu akikuamkia unafanyaje? Akaniletea kiti chenye mto. Baba mwingine, kijana, kaachwa ameegemea ukuta. Nimekaa.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwuliza nesi hilo "babu" limetoka wapi. Kumbe kulikuwa na semina! Zamani wazazi waliitwa "wewe wa dirishani", "wewe mwenye mtoto wa kikohozi". Wakalalamika. Sasa ni heshima tupu: mtu mzima ni mama au baba, mwenye mvi ni bibi au babu. Nikamwambia mimi ndiye baba mzazi. Akacheka, akanipiga bega — babu una utani wewe!

Kwenye kitanda cha jirani kuna shangazi wa mtoto, anaitwa mama. Ameshachoka kujieleza. Kuuliza, inaonekana, hakukuwa kwenye ratiba ya semina.

Binti anafurahia. "Babu, maji." Hata yeye!

Jumatano, 6 Machi

Ruhusa ya operesheni anasaini mzazi, si babu — kasema nesi. Bila saini leo, nafasi ya kesho anapewa mtoto mwingine. Yetu itasubiri mwezi ujao.

Kitambulisho cha taifa nilikipoteza, kipya hakijatoka. Nikatoa cha kazi, cha gazeti ninaloandikia. Picha ya zamani, nywele nyeusi tii. Nesi akaitazama, akanitazama.

"Kijana mtanashati. Ndiye baba? Basi mwambie aje mwenyewe."

Nikamgeukia binti: mwambie mimi ni nani. Sauti imemkauka, macho yanacheka.

"Babu."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Binti aliponiona uso ulivyobadilika akageuza kauli: ni baba, kweli tena! Nesi akanionya nisimfundishe mtoto uongo.

Tukampigia mama yake. Nesi akaweka sauti ya nje, akaanza kwa adabu zote: "Mama, baba mkwe wako yuko hapa, anasema eti yeye ni mumeo."

Mke wangu akacheka. Akacheka mpaka akashindwa kusema neno — na simu ikakatika. Tangu hapo hapatikani.

Nesi amelainika kidogo: atamwachia daktari aamue kesho, kabla nafasi haijatolewa. Ila hajaacha kuniita babu.

Binti amesinzia. Pumzi inakwama, inarudi. Inakwama tena. Nimesogeza kiti karibu.

Daktari anapita saa moja asubuhi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anafungua saa kumi na mbili. Nimeshamwuliza — rangi nyeusi anayo.