Zamu ya Bi Salama

Jumanne, 21 Shaaban 1375 (3 Aprili 1956)

Madaftari ya darasa la nne yamenishinda. Nimesahihisha nusu. Mvua tangu alfajiri. Bi Salama yuko kwa Sefu mwezi huu na nyumba imetulia. Nafurahi, kisha najichukia kwa kufurahi.

Mama yangu alifariki kwa uzazi. Mama yake Sefu hakuwa na maziwa. Bi Salama alitunyonyesha sote wawili, mmoja baada ya mwengine. Wanawe mwenyewe hawakuishi. Tangu apofuke macho tunampokea kwa zamu: mwezi kwangu mtaa wa Malindi, mwezi kwa Sefu mtaa wa Mkunazini. Mwezi ukiandama, anahama.

Alhamisi, 23 Shaaban

Sefu kanisubiri nje ya skuli. Biashara mbaya, mkewe ananung'unika. Anataka tumpeleke Bi Salama kwenye nyumba ya wazee ya serikali.

"Serikali inachukua ushuru wa karafuu kila msimu," alisema. "Yeye kazichuma tangu kigori. Sasa wa kumlisha nani, sisi au wao?"

Maneno yake yana akili. Halafu nikamfikiria Bi Salama amelala kati ya watu asiowajua hata kwa sauti, hasira zikanipanda. Nikamwambia aende zake. Sijui nilimkasirikia yeye au serikali.

Jumamosi, 25 Shaaban

Khamis, mume wangu, kaenda kuuliza kwa sheikh wake. Jibu: kunyonya kunazuia kuoana tu. Hakurithishi, wala hakumlazimishi mtu kumlisha aliyemnyonyesha. Mwenye kutaka thawabu na afanye.

Nilidhani nikijua sheria nitatulia. Nimevurugika zaidi. Kama silazimiki, basi ninachompa ni sadaka. Mama hapewi sadaka. Na kama ni mama, mbona nahesabu zamu?

Khamis anasema nafikiri kupita kiasi. Ni rahisi kwake. Haogeshi mtu.

Jumatano, 29 Shaaban

Mawingu mazito. Leo mwezi hauonekani kwa vyovyote, Shaaban itatimia thelathini. Tunakwenda Ng'ambo kwa mama mkwe kuvunja jungu, tule tushibe kabla ya mfungo. Bi Salama ataletwa kesho jioni. Chumba chake sijakifagia.

Alhamisi, 30 Shaaban

Naandika upesi, mwandiko mbaya.

Jana magharibi Sefu kasikia mwezi umeonekana Nungwi. Kwake Ramadhani ikaingia. Akamshika mkono Bi Salama, akamleta, akamkalisha barazani kwangu, akapiga hodi, akakimbilia msikitini kusali tarawehe. Hakungoja mlango ufunguliwe. Na mimi niko Ng'ambo nakula pilau. Kwangu bado Shaaban.

Tuliporudi usiku tulimkuta amerowa chapachapa kwa mvua. Mke wa mwenye duka la mkabala alimletea chai na khanga kavu, akamsihi aingie kwake. Alikataa. Alisema mwenye nyumba atakasirika asipomkuta mahali alipowekwa.

Mwenye nyumba ni mimi.

Leo ana homa. Nimekwenda dukani kwa Sefu, tumegombana mbele ya wateja. Yeye kafunga, mimi sijafunga. Yeye: mwezi ushaandama, ilikuwa zamu yako. Mimi: haujaandama, ilikuwa yako. Kila mmoja ana sheikh wake na mashahidi wake. Sefu akaanza kulia. Sikumbembeleza.

Jumatatu, 4 Ramadhani

Homa imeshuka. Kanywa uji.

Nimemwambia Sefu zamu basi. Bi Salama anakaa kwangu. Yeye alete mchele na unga, mkewe aje kumwogesha siku ninazosomesha. Kakubali upesi mno, na hilo nalo limeniudhi. Nilitaka abishe kidogo.

Sijui nimefanya kwa mapenzi au kwa aibu. Nikijiuliza asubuhi napata jibu moja, nikijiuliza baada ya futari napata jengine. Na kuhusu ule ushuru, bado naona Sefu ana haki. Wenye mashamba, serikali, sisi: sote tumekula kwa yule mama. Mbona anayeshukuru ni yeye, anayekoshwa miguu nyumbani kwangu, na sisi hatushukuru?

Nimemwambia, "Hapa ndipo kwako sasa. Huhami tena."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe."

Vile vile anavyomwambia muuza maji.

Jumatano, 20 Ramadhani

Nimemwambia tena Bi Salama kuwa hahami. Kaniambia ahsante tena. Sefu kaleta mchele, kakaa naye kidogo, kaondoka bila kunitazama. Nimechoka. Saumu, watoto wa skuli, nguo za kufua. Leo nimemjibu vibaya Bi Salama kwa kumwaga maji, naye akaomba radhi mara nyingi kupita kosa lenyewe.

Ijumaa, 29 Ramadhani

Mwezi umeonekana wazi, mjini kote. Mizinga imepigwa. Watoto mtaani wanapiga kelele, kesho Idi. Safari hii hakuna anayebishana.

Nilikuwa juu nakaanga tambi. Niliposhuka nimemkuta Bi Salama kwenye kidato cha chini cha ngazi. Kavaa buibui. Nguo zake kazifunga kwenye khanga, kazipakata.

"Mwezi ushaandama, mwanangu," alisema. "Sefu keshafika?"

Nimemwambia hahami. Akasema naam, kasikia. Hakuinuka.

Nimekaa naye pale ngazini. Tambi zimeungua.