Sala Yetu Si Usingizi

Mpendwa Mama Neema,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu siku tuliyokuzika. Kila nilipoketi kukuandikia, maneno yalitoka kama ya kadi ya rambirambi, nawe hukupenda watu wa kulialia. Leo silii. Nina hasira, na hasira yangu uliijua kuliko mtu yeyote. Tena nakuandikia waziwazi, ili madereva wenzangu wasome, kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu na wao.

Unalikumbuka gari letu la petroli, lile lililokohoa kila asubuhi ya baridi kabla ya kukubali kuwaka. Hatukuondoka nalo Crescent Town, mtaani kwetu huku ughaibuni, hata kwa safari ya kununua mkate, kabla hujaomba. Uliomba kama mama yako alivyokufundisha kule Kilosa: macho yamefumbwa, mikono juu ya magoti, na kila ndugu anatajwa kwa jina. Mimi nilikuwa na haraka ya abiria. Nikijaribu kugeuza ufunguo katikati ya sala, injini ilinisaliti, nawe ulinichapa mkono bila kufumbua macho.

Kisha tukalikodi hili la umeme kutoka kwa kampuni ya teksi. Halina sauti. Siku ya kwanza nililiwasha ulipokuwa ungali unawaombea wajomba, nikaanza kurudi nyuma taratibu. Ulifumbua macho, ukaona nguzo za maegesho zinasogea.

"Baba Neema! Tumeondoka na Mungu hajajibu?"

"Atatukuta njiani."

"Rudisha gari lilipokuwa."

Nikalirudisha. Mimi, mwalimu niliyeogopwa na madarasa mazima kabla ya kushika usukani, nikalirudisha na kufumba macho. Tangu siku hiyo ukaweka sharti: hakuna kuondoka mpaka wewe useme, "Amina. Haya, twende." Nililinung'unikia sharti hilo, lakini nililishika. Nalishika hadi leo, ila siku hizi sehemu yako naisema mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Unaikumbuka kamera ndogo waliyoifunga karibu na kioo, kabla hujazidiwa na ugonjwa. Walituambia ni ya usalama. Uliitazama, ukaifunika kwa kitambaa chako cha kichwa, ukasema, "Huyu hajabisha hodi." Nikakusihi ukiondoe kitambaa, kwa sababu simu yangu, iliyounganishwa nayo, ilianza kupiga kelele.

Kamera hiyo humtazama dereva siku nzima. Ikiona macho yamefumbwa, huandika kwamba dereva anasinzia. Kwa hiyo kila asubuhi ninapoomba, gari likiwa limesimama kabisa, mimi huhesabiwa kuwa nimelala. Maonyo yamerundikana. Neema alikuja kutoka Markham, akayasoma kwenye simu yangu, akacheka; kisha akauona uso wangu, akaacha.

"Dadi, si uombe tu macho yakiwa wazi? Mungu hawezi kumaindi."

"Mungu simsemei. Mama yako angenichapa."

Wiki iliyopita wakaniita ofisini. Msimamizi ni binti wa Kikenya, Wanjiru, mwenye adabu. Aligeuza kompyuta ili niuone ushahidi. Nikaliona gari letu, nikajiona nimeinamisha kichwa. Halafu, Mama Neema, nikaisikia sauti yako. Ilikuwa mojawapo ya zile asubuhi za kwenda hospitali. Ulikuwa unamwomba Mungu anitunze utakapokuwa hupo. Maneno hayo hukumwambia hata Neema. Ukamaliza: "Amina. Haya, twende."

Wanjiru naye alisikia, na kila neno alilielewa. Akazima haraka.

"Pole sana, Mzee. Mimi najua hayo ni maombi. Hata mamangu huomba hivyo. Lakini sistimu haijui."

"Sasa, binti, nani anasimamia hapa? Wewe au sistimu?"

Alisogeza kalamu mbele yangu. Alinieleza mkataba mpya. Nikikubali, maonyo yangu yatafutwa. Lakini kila kinachoonekana na kusemwa ndani ya gari kitarekodiwa na kuwa mali yao, pamoja na yaliyokwisha kurekodiwa. Watayatumia kuyafundisha magari yasiyo na dereva, yale wanayojiandaa kuyaleta. Tena, akaongeza kwa sauti ya chini, dereva aliyekubali hupewa nakala. Nikikataa, rekodi zangu zitafutwa, na gari huenda likachukuliwa.

Unaijua nyumba yetu. Tangu uondoke iko kimya, hata birika likichemka nashtuka. Nakala ile ningeisikiliza kila siku.

Lakini sala ile hukuiomba kwa ajili yao. Kama wanataka gari lao lijifunze kupita kwenye barafu, na waniulize. Nimefundisha maisha yangu yote, sitashindwa kufundisha gari. Maneno ya mke kwa mumewe si somo.

Nikamwambia, "Kama sauti ya mke wangu ni yangu, nipeni bila sharti. Kama si yangu, basi si yenu pia. Ifuteni."

"Mzee, ikifutwa hairudi."

"Najua. Nilimzika."

Aliinama, akajifuta macho, akasema atalipeleka suala hili kwa wakubwa wake. Sikutia saini. Kalamu yao niliiacha mezani ikiwa na kifuniko chake.

Wenzangu wengine wamekwisha kubofya kukubali kwenye simu zao. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Nawaomba tu wasome kwanza wanachokikubali, na wakumbuke ni nani huketi nao garini: mke, mgonjwa, mtoto anayewaeleza jambo ambalo hathubutu kulisema nyumbani. Gari la umeme silichukii. Linanyamaza vizuri, na kunyamaza ni sifa njema. Hata hilo lisilo na dereva na lije. Barabara si ya baba yangu. Ninachokataa ni kutazamwa mpaka ndani ya sala, kisha kuambiwa nimelala.

Leo asubuhi niliketi garini, nikafumba macho, nikaanza kuwataja ndugu, hata wale wajomba zako wasiokwisha. Simu ikapiga kelele. Nikaiacha ipige. Nilipofika kwa mjomba wa mwisho ilikuwa ingali inalalamika, basi nikaanza upya, tangu mwanzo wa ukoo.

Wakishaamua, utapata barua yangu, niwe bado nimeushika usukani huu au nimekuwa mtu wa kupanda basi. Kama sauti yako nimepewa au imefutwa, nitakuambia bila kukuficha. Lakini siku hiyo, kabla sijaishika kalamu, nitafumba macho kwanza, na hakuna atakayeniambia niyafumbue mpaka niseme amina.

Mumeo,
Baba Neema