Wimbo Niliousikia Mgongoni

Ijumaa, Sumbawanga. Mvua tangu asubuhi, na baridi ile inayofanya vidole vya miguu vionekane kama vya mtu mwingine.

Nimekaa kitandani na sweta mbili na sijui nianzie wapi. Nikiandika hapa huwa najua angalau ninachohisi. Leo sijui kama nina furaha, kama nimekosea, au kama nimeumia kwa niaba ya mtu mwingine.

Tangu utotoni nina wimbo kichwani. Siyo mzima, ni kipande tu. Sauti ya mtu mmoja inapanda, inakaa kidogo, inashuka mara mbili, halafu watu wengi wanaitikia kwa pamoja na kucheka. Maneno sina hata moja. Nilichonacho ni harufu ya udongo uliolowa, joto la mgongo, na mwili wangu ukiinuka na kushuka, ukiinuka na kushuka. Nilijiambia ni wimbo wa kubembelezea watoto. Katika yote ninayoyakumbuka ya Mpui, tulikoishi kwa bibi mzaa baba kabla ya kuhamia mjini, hilo ndilo tamu kuliko yote.

Shuleni nilikuwa nauimba kimoyomoyo kabla ya kila mtihani. Hakuna aliyejua.

Tangu nimalize kidato cha nne niko nyumbani nasubiri matokeo, na mama alinisukuma nijiunge na kwaya ya parokia, "usije ukaota ukungu humu ndani." Nimejiunga. Naimba sauti ya pili, mstari wa mwisho, nyuma ya dada mmoja mrefu anayenifunika vizuri. Wiki iliyopita, baada ya mazoezi, nilibaki nikifuta mabenchi, nikaanza kuuimba ule wimbo bila maneno. Mwalimu wa kwaya alikuwa amerudi kuchukua mwavuli wake. Sikumwona. Alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza.

"Huo wa nani?"

Nikasema sijui. Akaniambia nirudie, akanirekodi kwenye simu, na muda wote mimi naangalia sakafu. Siku ya Jumanne akaja nao umevaa maneno ya matoleo, kwa ajili ya misa ya Jumapili hii, sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Kwaya nzima ikaimba kitu ambacho siku zote kilikuwa kichwani mwangu tu. Nusura nilie. Sijawahi kutoa kitu kikapendwa namna ile.

Leo mchana Mama Oresta amekuja mazoezini. Siku ya Jumanne hakuwepo. Ni mama wa sauti ya kwanza, naye kwao ni Mpui. Hatukufika hata mstari wa tatu, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa, akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge.

"Mama Oresta, haya ni matoleo!" mwalimu akamkaripia.

"Matoleo gani, mwalimu? Huo ni wimbo wa ntumba huo! Mnataka Mungu ashike jembe?"

Ntumba ni yale matuta ya mviringo ya huku kwetu, ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze. Watu hualikana kulima, leo kwako, kesho kwangu, na jioni mwenye shamba anatoa pombe ya ulezi. Basi ulikuwa wimbo wa shambani. Sikuona ubaya. Lakini Mama Oresta akanigeukia.

"Na wewe si binti wa yule wa Kaoze? Kamuulize mama yako, mwanangu." Kisha akaniangalia usoni, na kicheko chake kikakoma ghafla.

Nimemkuta mama jikoni anapepeta mchele. Sikuuliza chochote, nilimwimbia tu. Ungo ukasimama.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Naukumbuka tu, mama."

Akanieleza, macho yake kwenye mchele.

Alipoolewa alitoka Kaoze, bondeni, kwenye joto na mpunga. Alikuwa hajawahi kutengeneza ntumba hata moja. Matuta yake yalikuwa mafupi, na baridi ya Mpui ilikuwa inamtetemesha mbele za watu. Wanawake wakamtungia wimbo. Mama amenitajia maneno yake kwa Kifipa, yote, bila kusita. Yanasema: mke wa bondeni, tuta lake kuku analiruka, mleteeni kigoda alimie, mleteeni na blanketi. Hapo ndipo wote walipokuwa wanaitikia na kucheka.

Aliyekuwa anauanzisha ni bibi.

Bibi yangu huyu, anayeniwekea karanga kwenye kopo kila nikienda.

"Ukafanyaje, mama?"

"Niliitikia. Ningefanyaje? Usipoitikia ndipo wanajua wamekupata."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni. Ulikuwa unapiga makofi. Wakinyamaza unalia, mpaka waanze tena."

Nilikuwa nalia mpaka waanze tena.

Nimeuandika mstari huo na kuufuta, kisha nimeuandika tena. Najua mtoto hana kosa. Si hilo. Ni kwamba kitu nilichokitunza miaka yote kama sukari, mama alikuwa anakimeza kama shubiri, wakati uleule, mgongo kwa tumbo na mimi. Sisi wawili tulikuwa mahali pamoja, lakini hatukuwa mahali pamoja.

Nilimuuliza kama nimwombe mwalimu autoe. Badala ya kunijibu akaniuliza mwalimu anauimbishaje, nikamwonyesha.

"Polepole mno," akasema. "Kwa mwendo huo tungelala shambani!"

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akainamia ungo, na kicheko chake kikaisha kabla ya changu.

Jumapili bibi atakuwepo, anakuja na wenzake kutoka Mpui. Atakaa benchi moja na mama kama kawaida yao, na mama atamshikia kitabu cha nyimbo kwa sababu macho ya bibi yamechoka. Nilikuwa najua kwamba wanapendana. Labda ni kweli wanapendana. Au miaka yote hii mama amekuwa akiinamia ungo tu ili uso wake usionekane? Bibi atakapousikia atacheka, au atainamisha kichwa? Na mimi nitakuwa mstari wa nyuma, nikiwaimbia wote wawili.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba bado naupenda. Hata baada ya kujua maneno.

Kesho, kabla ya mazoezi, nitakwenda kwa mwalimu. Sijui kama nitamwambia autoe au autie kasi, lakini nitakwenda, na nitamwangalia usoni nikisema. Kabla ya hapo nitamuuliza mama tena, na safari hii nitasubiri jibu.

Mvua imepungua. Mama yuko uani anakinga maji ya paa, na kupitia dirishani namsikia anauimba, kwa kasi yake, na sehemu ya kucheka hairuki. Nimesikiliza muda mrefu. Je, anaimba, au bado anaitikia?