Mfupa Mmoja, Nyumba Mbili

Jumatatu, 8 Machi 1999
Nimechuma majani ya chai hadi saa tatu, nikayafikisha kituoni kupimwa, kisha nikavaa koti la kanisani. Hospitali. Wametoa damu yangu na ya Mama Kibet. Kerubo, mjane Mkisii anayechuma chai kwenye shamba la kampuni, ametoa yake.

Lori la majani liliungua kwenye mteremko wa Kiptere. Nyuma alikuwamo kijana aliyeomba lifti gizani; umebaki mfupa wake tu. Dereva alinusurika, lakini hakuwa amemwona uso. Mwanetu Kibet na Nyakundi, mwana wa Kerubo, walikuwa wameaga siku hiyo, kila mmoja akienda kutafuta kazi. Hakuna aliyeonekana tena. Daktari anasema mfupa hubeba urithi wa baba na mama. Utalinganishwa ng'ambo na damu zetu. Kipimo chenyewe kinaitwa DNA.

Mama Kibet aligeuza macho asione sindano. Kerubo akamwambia, "Umezaa saba, na unaogopa mwiba huu?" Mama Kibet akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu moto ule.

Jumapili, 14 Machi
Nimeongoza ibada kanisani Silibwet. Nilishindwa kuomba mfupa usiwe wa Kibet. Kuomba hivyo ni kuomba uwe wa mwana wa mjane.

Jumatano, 31 Machi
Mke wa Kibet amejifungua mvulana. Akina bibi wakamzunguka, wakaita majina ya marehemu wetu mmoja mmoja, kama ilivyo desturi, wakingoja apige chafya kwa jina la yule aliyerudi ndani yake. Alinyamaza kwa wote. Ndipo shangazi yangu akaita jina la Kibet. Mtoto akapiga chafya.

Nimekasirika. Jina la mtu ambaye kifo chake hakijajulikana haliitwi. Shangazi akanijibu, "Katekista, daktari wako anakawia. Mtoto hakawii."

Mama Kibet amelia kama aliyefiwa.

Alhamisi, 22 Aprili
Daktari alituita pamoja. Mfupa ni wa Nyakundi.

Furaha ilinipanda kifuani kabla sijaweza kuizuia. Kerubo aliiona. Nimeaibika.

Jumamosi, 24 Aprili
Tumemzika Nyakundi kwao kwa Wakisii, ng'ambo ya Chepilat. Nilishika jeneza upande mmoja. Lilikuwa jepesi mno. Baada ya maziko Kerubo alinishika mkono. "Baba Kibet, mimi nimemaliza kungoja. Wewe ndio unaanza."

Nyumbani, mke wa Kibet anauliza mtoto aitwe nani, ikiwa baba yake yu hai. Akina bibi wanasema jina likishaitikiwa halirudishwi. Vitabu vyangu vya dini havisemi.

Jumapili, 16 Mei
Mvua. Majani ni mengi. Hakuna habari za Kibet.

Jioni niliongoza sala ya nyumbani. Nilipofika kwa jina lake sikujua nimwombee ulinzi au pumziko la milele. Nikalitaja tu.

Wakaitikia Amina.