Agapanthasi za Lusweti

Jericho, Nairobi
14 Januari 1996

Mpendwa wifi Triza,

Natumaini hamjambo huko Kimilili, na mguu wa mama umepoa. Mimi mzima, ila bado nasonga ugali wa watu wawili.

Naandika juu ya agapanthasi za marehemu kaka yako Lusweti, yale maua ya buluu aliyoyaleta kutoka Timboroa akiwa karani wa reli. Nataka maua yake yawe kaburini tukiweka msalaba Desemba hii. Lakini msimu mzima zimetoa majani tu! Namwagilia, natia mbolea, wapi. Yeye alizipita tu akipiga mluzi, nazo zikachanua. Nifanyeje?

Wifi yako,
Rispa

Kimilili
4 Februari 1996

Wifi Rispa,

Salamu zimefika. Mama ameanza tena kugombeza kuku, kwa hiyo amepona.

Umezichimbua? Nilipolima bustani ya misheni tulikatazwa kuzichimbua. Hupenda kubanana, ukizigawa, zinasusa.

Wifi yako,
Triza

Jericho
25 Februari 1996

Wifi Triza,

Shikamoo nyingi kwa mama. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini.

Tangu mazishi, kila aliyekuja kunipa pole sikutaka aondoke hivihivi. Nyumbani kwangu hakukuwa na kitu cha kumpa, nikawa namchimbulia shina moja amkumbuke Lusweti. Kina mama wa kanisa, Mama Waithera wa jirani, hata Makokha anayeuza mafuta taa. Zilizobaki nikazipanda upya kwa nafasi, zipumue. Mkono wangu mwenyewe, wifi! Zitachanua lini?

Rispa wako

Kimilili
17 Machi 1996

Wifi,

Pole. Sikudanganyi: miaka miwili, labda mitatu. Nimemwomba baba tuahirishe kuweka msalaba, amekataa. Saruji imeshafika. Nunua maua mjini, hakuna atakayeuliza.

Triza

Jericho
8 Desemba 1996

Wifi mpendwa,

Hamjambo nyote? Nimekaa kimya kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nachungulia. Hakuna hata kikonyo.

Jana Mama Waithera alikuja na dada yake. "Rispa, na huyu mpatie kamche." Nikasema hapana. "Eh! Uchoyo umeuanza lini?" Nikafunga mlango wakiwa bado wamesimama. Sijawahi kumfungia mtu mlango.

Maua ya kununua sitaki. Nitakuja bila ua. Mtoto sikumzalia kaka yako, na sasa hata hili limenishinda. Wazee wasije wakaniweka nyuma na wageni. Ukiwapanga watu wa kusimama karibu na msalaba, tafadhali unikumbuke.

Wifi yako,
Rispa