Karavani Zilizosahau Kutembea

Ami yangu,

Nimemwomba Zuhura akusomee barua hii taratibu, maana macho yako siku hizi hayataki maandishi. Nimemwambia aisome mbele ya watu wote wa nyumbani, asinisitiri. Waliokuwa wapangaji wetu nao nimewapelekea, kwani yanawahusu kuliko yanavyonihusu mimi.

Unaikumbuka siku ya kusogeza nyumba za watu pale kiwanjani kwetu? Kila mwaka, kabla joto la Dubai halijapamba moto, ulikuwa unapita mlango kwa mlango unagonga mabati kwa funguo: "Yalla, teremsheni vikombe!" Kila karavani inachomolewa umeme na maji, matairi yanajazwa upepo, ekseli inapakwa grisi, kisha pikapu yako inaivuta hatua tatu mbele. Mwaka unaofuata, hatua tatu nyuma. Wapangaji wanakutania, "Mzee, leo tunahamia wapi?" Nawe jasho linakutiririka, unaonyesha kidole palepale walipo na kusema, "Pale!" Mama Njeri, yule Mkenya anayefanya usafi kliniki Oud Metha, alikuwa analalamika tangu karavani ya kwanza hadi ya mwisho, huku anawapikia watu wote chapati.

Mimi nilikuwa nanuna. Nilisoma biashara, nikakuona unacheza. Siku moja nikakuuliza tunajisumbua kwa nini na hatuendi popote.

"Mwanangu," ukaniambia, "hawa tumewauzia nyumba, ardhi tunawapangisha tu. Na sisi wenyewe hatuna ardhi, tumekodi. Siku arbabu mwenye ardhi akitaka kiwanja chake, kila mtu aondoke na nyumba yake."

Nikaitikia tu. Arbabu alikuwa sahibu yako, kila Idi analetewa halua kutoka kwetu, na mimi nikafanya kama hatakufa.

Magoti yalipokushinda ukarudi Unguja, ukaniachia kiwanja. Mwaka wa kwanza nilisogeza. Wa pili nikaacha. Wa tatu nikang'oa matairi, nikazikalisha karavani juu ya matofali na kuzizungushia saruji na vigae. Pakapendeza, nisikufiche. Wapangaji walinishukuru kwa kuondokana na ile bughudha yako. "Madam, sasa hapa ni estate kabisa," Mama Njeri aliniambia, akaenda kununua kabati la vioo la kuwekea vyombo.

Na wewe, kila msimu ukifika, unanipigia simu baada ya sala ya Ijumaa. "Umeshazisogeza?"

"Nimeshazisogeza, Ami."

Ulikuwa unacheka kwa furaha hadi unakohoa. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kusema tena mwaka uliofuata, na mwingine.

Arbabu amefariki. Sikukwambia hilo pia, nisamehe. Wanawe walitaka ardhi yao, lakini hawakutufanyia ubaya wowote, walitupa muda wa kutosha, na mimi nikapata kiwanja kingine, mwendo wa robo saa kwa gari. Kilichobaki kilikuwa kuhama tu. Nikaita winchi, tukaanza na karavani ya Mama Njeri, mwenyewe amesimama pembeni na sare yake ya kazi. Winchi ikanyanyua kuta na paa. Sakafu ikabaki chini, imeng'ang'aniwa na saruji yangu, vyuma vyote vimeliwa na kutu. Lile kabati lililofungwa ukutani, Mama Njeri alikuwa amekataa lishushwe, akisema safari ni fupi. Likaanguka kutoka juu na kila kilichokuwamo.

Hakupiga kelele. Alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Lakini Madam, si mliniuzia nyumba ya magurudumu?"

Tulijaribu nne nyingine, zote zikavunjika vilevile. Zilizobaki walizibeba watu wa vyuma chakavu. Mama Njeri sasa ana kitanda kimoja kwenye chumba cha watu sita kule International City, yeye aliyekuwa na mlango wake na ufunguo wake. Wengine wamejibanza Al Baraha. Nimewaahidi kuwatafutia nyumba nyingine, mmoja mmoja, nao wananijibu "inshallah" kwa adabu, kama watu wasiotegemea kitu.

Najuta, Ami. Saruji naijutia, lakini uongo naujutia zaidi. Ningekwambia ukweli mwaka ule wa pili, ungenifokea kwenye simu hadi nikalie chumbani, na kesho yake ningeamka nikanunue grisi. Watu wangekuwa na nyumba zao leo. Nilijua kwamba utanifokea, nikaona bora ucheke.

Jana ulinipigia kuniambia viza imetoka. Umesema utafika kwa mkongojo wako na magoti yako mabovu, lakini mwaka huu lazima uzisogeze kwa mkono wako mwenyewe, na kwamba ovaroli yako umeshaifua na kuipiga pasi. Simu ilipokatika nikaketi kuandika barua hii. Kiwanja siku hiyo kilikuwa mchanga mtupu.

Njoo, Ami. Nitakupokea uwanja wa ndege, nitakushika mkono, na utakalosema nitalisikiliza. Ila ovaroli usiichukue.

Mwanao uliyemlea,
Dubai